Heft, Neno la Kondoo wa Baba

Shamba la Thornbeck,
Cumbria, Uingereza.
9 Oktoba 1987

Mpendwa mdogo wangu Joss,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Kifua chako kimepona? Na wifi yangu Maud anaendeleaje na joto la huko Australia? Mimi mzima, ila goti la kushoto limegoma tena kabisa kupanda mlima.

Nimepata barua ya binti yako Hester. Anauliza neno "heft" maana yake nini, maana unalitaja kila mnapohama nyumba. Mwambie wasomi husema tuliletewa na watu wa Norwei zaidi ya miaka elfu iliyopita, na kwao lilihusu haki unayoipata kwa kukaa na kitu muda mrefu. Sisi tunaita heft kile kipande cha mlima ambacho kondoo amekizoea hata hahitaji ua. Hufundishwa na mama yake, kiangazi chake cha kwanza.

Hapo ndipo ninapoona haya, Joss. Mwezi Mei, kwa ajili ya goti hili, niliwauza kondoo wote wa baba. Agosti nikapata nafuu, nikanunua wengine sitini wa bondeni, nikawapandisha. Kesho yake mlimani hapakuwa na hata mmoja. Jirani yetu Lanty Birkett aliwakuta wametapakaa barabarani, nami nikawa nawatukana. Akaniambia, "Agnes, umewauza walimu, halafu unawagombeza wanafunzi."

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Kuna jingine. Mwaka ule ulipoomba Hester aje kukaa nami kiangazi kizima, nilikuandikia kwamba nyumba haina nafasi. Nafasi ilikuwepo. Nilikuwa bado na kinyongo kwa kuwa uliondoka ukaniachia baba mgonjwa. Mtoto alikuwa na miaka sita. Nimejuta kila mwaka tangu hapo, na sikuwahi kukuambia.

Lanty alinunua kondoo jike watano wa baba. Yuko tayari kunirudishia Aprili, wazae mlimani kwao, mradi apatikane mtu wa kushinda nao huko juu hadi vuli. Mimi miguu sina. Hester amesema anamaliza shule Desemba.

Msalimie Maud, na shangazi Winifred ukimwona. Mungu awalinde nyote.

Chumba chako cha zamani nimekifagia.

Dada yako, anayekupenda ingawa amechelewa kusema,
Agnes