Jumatano Mama Alipoitwa Darasani

Yeoville, Johannesburg
Jumapili

Mama mdogo Thérèse,

Kitenge ulichotuma kilifika salama. Mama alikivaa Jumatano nilipompeleka chuoni. Mwalimu wetu wa isimu alitaka msemaji wa Kiswahili, atuonyeshe jinsi neno moja linavyozaa mengine.

Mama alibeba bahasha ya karatasi zake za ukimbizi. Alipoona kinasa sauti alidhani ni mahojiano mengine ya kibali, akasimama wima.

"Kutoka shona mnapata nini?" mwalimu aliuliza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri.

"Mshonaji, kama mimi. Mshono, shonea, shonesha."

"Na unashonea wapi?"

"Pale robotini, magari yanaposimama kwenye taa."

Darasa likacheka. Mwalimu akasema "robotini" si neno, ni kosa la wakimbizi, ingawa hapa kila mtu huziita taa za barabarani robot. Mtu huyo huyo alikuwa ametufundisha wiki nzima kwamba kila lugha huunda maneno kwa kile inachokikuta njiani.

Katika Kiingereza chake Mama alielewa "kosa" na "wakimbizi" tu. "Pardon, chef," akamwomba radhi kama anavyowaomba maofisa, "nitasema vizuri."

Tangu siku hiyo anajikaza kusema Kiingereza nyumbani, hata kwenye sala. Hasira yangu si kwa mwalimu peke yake. Mimi niliyekuwa nikitafsiri nilinyamaza, kwa kuhofia alama zangu.

Kesho nitasimama pale aliposimama mama, niseme nilichopaswa kusema Jumatano, kwamba robotini ni neno, naye mwalimu aniandikie alama anazotaka. Wewe mpigie dada yako simu leo. Msemeshe mpaka akujibu kwa lugha yenu.

Binti yako,
Murielle