Bangili ya Mzee Balbir

Dagoretti,
Alhamisi, 23 Agosti 1990

Kwa kaka yangu mpendwa Kiragu,

Pokea salamu zangu, za Mama, na hata za yule jogoo wako mkorofi ambaye bado hajachinjwa. Habari za Eldoret? Kifua kimepona? Sisi hatujambo, isipokuwa shingo yangu, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Isome ukiwa peke yako. Unanijua, uso kwa uso ningemeza maneno.

Likizo hii nasaidia kwenye nyumba ya wazee iliyo chini ya kanisa letu. Kila Jumatano Mwalimu Tara, mama mmoja Mhindi, hutoka Westlands na gari lililojaa rangi, udongo na makaa ya kuchorea. Husema mkono wa mzee ukipata kazi, moyo nao hupata pa kutua. Nilidhani ni maneno ya vitabu, mpaka nilipomwona Mzee Balbir Singh. Mwanawe Harjit alimleta akiwa haongei, anauma wauguzi, analala sakafuni mgongo ukiwa umeegemea mlango ili mtu asiingie. Alipopewa kipande cha makaa alichora saa mbili bila kuinua kichwa. Siku hiyo akalala kitandani, ila mlango ukiwa umefungwa.

Huchora kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umekunjamana kama mguu wa kuku. Picha yake ni moja tu, kila wiki: mlango wa duka lake la misumari na kufuli pale River Road, Jumapili ile ya mapinduzi ya mwaka wa 1982. Cucu Hannah, bibi mmoja anayesuka kiondo kando yake, humchokoza: wee Singasinga, mlango tena? Si uchore hata dirisha tupate hewa! Naye Mzee hucheka.

Picha yenyewe haichekeshi. Watu wanavunja mlango kwa nondo. Yeye yuko chini, meno yamemwagika, na kijana mmoja amempigia goti kifuani. Alitusimulia kwamba kijana huyo alitaka bangili ya chuma ambayo watu wa dini yake huvaa tangu utotoni. Yake ina pengo dogo ukingoni, alilolikata kwa tupa siku Harjit alipozaliwa. Bangili haikutoka. Basi yule kijana akachukua kufuli kubwa, akamponda vifundo, kimoja baada ya kingine, mpaka kiganja kikakunjika, bangili ikapita. Mzee anakumbuka kila kitu, hata rangi ya soksi. Uso tu ndio umempotea. Katika kila picha kijana ana kichwa kitupu kama yai. Mwalimu Tara aliniambia pembeni kwamba siku uso ule utakapotoka, huenda Mzee akaacha kuulinda mlango.

Tangu niliposikia habari za hilo pengo, nikawa navuta sweta mpaka vidoleni, hata jua likiwaka.

Jumatano iliyopita tulikanda udongo. Mwalimu Tara aliniambia nikunje mikono ya sweta, nami, Kiragu, siwezi kumkatalia mkubwa. Nikakunja. Ile bangili yenye pengo uliyoniletea nikiwa darasa la pili, ukasema umeiokota Kangemi, sijawahi kuivua. Mzee aliiona. Alipindua meza, akanikaba koo kwa mkono wake mzima, akanigongesha kichwa ukutani mara tatu huku akipiga kelele kwa lugha yake. Nilianza kuona giza. Cucu Hannah alimtandika bakora mpaka ikavunjika, ndipo akaniachilia.

Metroni, msimamizi wa wauguzi, aliniuliza Mzee alikasirishwa na nini. Nikasema sijui.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Kwa neno hilo moja walimfunga kitandani kwa shuka, wakamnyang'anya makaa, wakasema kuchora kumempanda kichwani, na Ijumaa apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku saba alikuwa akigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda. Nilimsikia nikimenya viazi jikoni, nikaendelea kumenya.

Jana nilishindwa. Niliingia, nikafungua shuka, nikamvisha bangili yake. Halafu nikabandua kalenda ukutani na nyuma yake nikachora uso. Wako, Kiragu. Wa miaka kumi na tisa, na sikio lililopasuliwa na mbwa wa Mzee Wahome. Aliutazama mpaka chai yake ikapoa. Nilingoja anikabe tena, na nilikuwa nimeamua sitapiga kelele. Akasema tu, kumbe alikuwa mtoto. Akaniomba makaa, akachora mkono chini ya uso ule, na mkononi akaweka kufuli. Kisha akalala, mlango ukiwa wazi.

Nimemweleza metroni yote. Mzee haendi popote. Jumamosi tarehe mosi Septemba kuna maonyesho, Harjit atakuja, na picha ile imebandikwa mlangoni. Mimi sitaibandua. Ukitaka kuja, njoo mbele ya Harjit. Mzee amesema atakuwekea kiti. Usipokuja, Harjit ataniuliza ni nani huyu, na safari hii sitasema sijui.

Mama bado hajui, anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Nibusie mtoto wako.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, mkono ukiwa mtupu,

Wangeci