Mshororo wa Tisa

Alhamisi, Mfunguo Nne. Mvua za vuli tangu alfajiri. Wapagazi wa bara wamejibanza barazani na pembe zao za ndovu.

Zuhura, una moyo wa jiwe! Tangu tulipomzika mwanangu, mama yako, hujatia mguu nyumba hii. Kwani Pangani ni Makka? Haya, nakusema humu karatasini, kwa hati ya kombokombo aliyonifunza marehemu babu yako, maana mimi chuoni sikutiwa. Ukija utasoma.

Hitima ya mama yako ni Ijumaa ya juma lijalo na shairi langu limekwama. Kila ubeti naufunga, "Mwanangu mlango wazi, mbona hurudi nyumbani," na kila nikifika hapo nalia, siendelei.

Leo kaja yule mtawa wa Kifaransa ninayemfunza Kiswahili. Nikamwambia, "Nawe nighanie la kwenu." Akaghani shairi la kaka yake, alilomtungia mama yao aliyekufa.

Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka. Maneno siyajui, lakini mizani ni mizani: kwa kila mizani nikakunja mwaa mmoja wa ukindu. Kumi na mbili, na kwenye ya sita anatua, kama sisi tunavyotua kwenye ya nane. Mshororo wa pili nikapata kumi na tatu.

"Umezidisha, mwanangu! Hapa ungezomewa."

Akacheka hadi machozi. "Bibi, ile ya mwisho ni pumzi tu. Kwetu haihesabiwi."

Pumzi! Watu wana adabu: hata wasichokihesabu wanakitamka.

Na vina je! Wa kwanza na wa nne kimoja, wa pili na wa tatu kimoja, kama wazazi waliolala kingoni, watoto katikati. Ubeti wa pili, vina vilevile. Nikangoja kibwagizo kirudi.

Hakikurudi.

Mshororo wa tisa ukageuka. Vina vingine, beti fupi, mitatu mitatu. Niliusikia kabla hajanieleza, maana uso wake uligeuka nao. "Minane ya mwanzo kaka analia, nyumba tupu," akasema. "Hapa anatazama mikono yake ikikanda mkate, anaona ni mikono ya mama." Mishororo kumi na minne, basi.

Subhanallah. Ukili uliniponyoka.

Kumbe kilio kina mlango wa pili!

Sisi twatunga hata beti thelathini, kibwagizo kikiturudisha palepale. Sikidharau, ndicho kilichonilea. Lakini mimi kimenisimamisha kizingitini.

Alipoondoka nikaanza upya, mizani yetu, umbo la kwao. Minane nikalia. Wa tisa nikageuka, nikakuona wewe: unavyouma ncha ya leso ukiwaza, kama mama yako.

Nimefika wa kumi na moja. Mitatu ya mwisho siitungi, ni yako. Najua unamlia peke yako huko, ndiyo maana huji. Basi karatasi hii haikungoji, kesho naituma Pangani.

Ijumaa usipige hodi. Ingia na mishororo yako mitatu mdomoni, uniambie kabla hujatua mzigo. Na ukizidisha mizani nitakuzomea mbele ya wageni.