Nimechangiwa Kama Mgonjwa, Nami Nataka Kusomea Unesi

Mpendwa Bi Verna,

Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini, maana mji wetu unaujua. Mimi ni mpishi wa shule, nina watoto wawili, mume anaitwa Duane, na mama mkwe, Arlys, anayekaa ng'ambo ya barabara na kuichungulia meza yangu ya jikoni kwa darubini ya kuwindia. Mwezi wa tatu nilipata nafasi ya kusomea unesi katika chuo cha jamii, miaka miwili, na tangu siku hiyo usingizi sina, kwa sababu hata nikiondoa ruzuku ya serikali bado itabidi nikope dola elfu tisa, na mimi sijawahi kuazima kitu kikubwa kuliko mashine ya kuondoa theluji, na hata hiyo niliirudisha siku ileile. Jikoni napata dola kumi na sita kwa saa, nesi mpya hapa hospitali anaanza na thelathini na nne, hesabu naiona vizuri lakini tumbo langu linakataa kuiona.

Mama mkwe naye hanipi nafasi ya kupumua. "Nesi wa miaka miwili ni nusu nesi, LuAnn," ananiambia. "Nenda chuo kikuu miaka minne kama binti wa akina Gerhardt, watu wakuheshimu." Huko ningetoka na deni la elfu sitini na nane. Nikamwambia, "Mama, hilo nitalilipa mpaka meno yaniishe." Akasema, "Meno ya bandia siku hizi ni mazuri tu."

Basi Duane akaniambia, "Mke wangu, acha kujitesa, hela niachie mimi," akaenda baa kwa Skip akabandika picha yangu, ile ya Krismasi niliyopigwa nikiwa na mafua, pua nyekundu, macho yamevimba, akaandika chini TUMSAIDIE LUANN, BAHATI NASIBU YA NYAMA, JUMAMOSI, na wewe Bi Verna unajua kwamba mji huu haumfanyii mtu Jumamosi ya namna hiyo mpaka awe na saratani au nyumba yake iungue, na nyumba yetu kila mtu anaiona imesimama.

Siku yenyewe nilikuwa na karamu ya shule, nikafika baa watu wameshamaliza kuchanga kwa kununua tiketi za kushindania nyama, nikakuta wananikumbatia na kulia, nikajisemea, jamani, kumbe mji huu unapenda elimu hivi! Nikalia na mimi. Mzee Orville, ambaye kwa kawaida hasemi na mtu, akanishika mikono akaniambia, "Pambana, binti yangu." Nikamjibu, "Nitapambana, mzee, ila zile dawa ndizo zinazonitisha." Nilikuwa nasema hesabu za dawa, zile za darasani. Akalia mpaka Skip akamtoa nje.

Kesho yake yakaanza kuletwa mabakuli ya tambi za kuoka na jibini, moja baada ya jingine, friza ikajaa, na bado sikuelewa, mpaka Craig, binamu yake Duane, alipokuja na kofia mkononi. "LuAnn, pole sana," akasema. "Mimi sina haraka hata kidogo, lakini zile tiketi zako za msimu za mpira wa Green Bay, kwenye wosia umemwandikia nani?"

Nikamgeukia Duane. "Uliwaambia naumwa?"

"Sikusema unaumwa."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ni gharama kubwa na itachukua miaka miwili."

Zimepatikana dola elfu nne na mia moja. Nikizitumia mimi ni tapeli, nikisema ukweli sitaweza tena kukanyaga kwenye mlo wa samaki wa kukaanga wa Ijumaa, ambako mji mzima hukutana, na chuo kinataka nithibitishe nafasi Ijumaa hiyohiyo. Duane anasema nikohoe kohoe kidogo mpaka mambo yapoe. Mimi naona heri niiache tu hiyo nafasi nibaki na masufuria yangu. Nifanye nini?

Mpishi Asiyejulikana

—

Mpishi Asiyejulikana,

Umeniomba nifiche jina lako, kisha umeliandika mwenyewe, pamoja na la mume, mama mkwe na mwenye baa. Ningekata yote ningebaki na tambi na jibini tu. Nilikupigia simu nikuulize kama nichape hivihivi; akapokea Duane, akakohoa kwa niaba yako. Nikachapa. Kwa hiyo mji umeshajua, na sehemu ngumu nimekufanyia.

Pole, binti yangu. Nasema pole kwa dhati, ingawa mimi mwenyewe nilinunua tiketi za dola arobaini, nikashinda nyama ya nguruwe, na nikaila huku nakulilia.

Sasa tuje kwenye deni. Elfu tisa inakunyima usingizi wakati kazi hiyo inakuongezea dola kumi na nane kila saa? Ukiishi kwa matumizi ya mpishi mwaka mmoja tu baada ya kuajiriwa, deni hilo utalisahau. Elfu sitini na nane ni habari nyingine, hiyo ni nyumba. Na mtihani wa leseni ni uleule, wa miaka miwili na wa minne wanakaa chumba kimoja. Mwambie Arlys kwamba mtu aliyebanwa na kifua hamuulizi nesi alisoma wapi. Miaka mingine miwili ukiitaka, utaimalizia ukiwa kazini, na uliza waajiri, wengine hulipia.

Lakini hesabu yako ina tundu. Ukiwa darasani saa za jikoni zitapungua, na hilo hukuliandika popote. Lipigie hesabu. Kiulize chuo wangapi huanza, wangapi humaliza na wangapi hufaulu mtihani. Wakikupigapiga chenga, shtuka. Kopa mkopo wa serikali peke yake, kopa unachohitaji hata wakikubali kukupa zaidi, na watoto akae nao Arlys, maana muda anao. Na usikohoe! Ukikohoa mara moja utakohoa miaka miwili.

Ijumaa asubuhi nenda ukathibitishe nafasi yako. Jioni nenda kwenye samaki, panda juu ya kiti, sema huna ugonjwa wowote, hela zilikuwa za ada, na anayetaka zake azichukue mlangoni, ambako Duane atakuwa amesimama na bahasha na aibu yake. Watu waliotoa hela ili usife hawawezi kukasirika wakisikia hufi. Wengi watakuambia ubaki nazo, mimi nikiwa wa kwanza. Watakaonuna watakuwa wachache. Warudishie chao bila neno, ila waangalie vizuri mishipa ya mikono, maana mwakani chuo kitakuleta hospitali ya hapa kujifunza kutoa damu, na wote hao hutibiwa palepale.