Neno Kubwa kwa Mtoto wa Yustina

Jumanne, 2 Novemba 1976

Kliniki ya watoto kama kawaida. Nimekoroga uji, nimefunga mizani kwenye boriti. Akina mama wengi, matope mengi.

Sista Magdalena, muuguzi wetu mgeni kutoka Ulaya, bado hana Kiswahili. Yeye anasema Kiingereza, mimi nafasiri kwa kile kidogo cha darasa la nane. Akaja Yustina na mwanawe. Yustina amezika wawili. Huyu wa tatu wamempa jina la Kiha ambalo maana yake ni jalala, ili mauti yasimtamani. Nasi tunamwita Jalala. Mtoto mnene, mashavu yanamwagika. Sista akamnyanyua juu mbele ya foleni nzima, akapaza sauti: "Superb!"

Yustina akaniuliza, "Kasemaje, mama?"

Nikafasiri nilivyofundishwa shule. "Anasema mtoto wako hana mfano."

Bibi mmoja akatema mate chini. Yustina akamtoa mtoto kwenye mizani, akamfunika uso kwa kanga, akaondoka. Chanjo hakuchomwa. Uji hakunywa.

Sista anauliza kakosea nini. Nikamwita mama anayefuata.

Jumatano, 3 Novemba

Sina raha. Jioni nimepita kwa Mwalimu Shirima, huyu aliyeletwa kutoka Kilimanjaro. Nimemuuliza neno lile la Sista lina uzito gani. Akasema, juu ya zuri kuna zuri sana, na juu ya hilo ndipo lilipo lile. Hakuna ngazi nyingine. Nikamwambia, basi hapo anakaa Mungu peke yake.

Akacheka. "Mama Skola, Wazungu wenyewe wanalisema hata kwa mchuzi."

"Mchuzi?"

"Mchuzi. Chai. Kofia."

Nimerudi nikiwaza. Wao neno lao kubwa wanalinyunyiza kila siku kama chumvi. Sisi la kwetu tumelifungia. Ng'ombe wa mtu akinona, unasema si haba. Maharage ya jirani yakijaa ghala, unasema mwaka huu mtavuka. Mwenyewe anaelewa kwamba amesifiwa. Sista hakuwa na ubaya. Yustina naye hakuwa na ubaya. Katikati yao nilikuwa mimi.

Jumanne, 9 Novemba

Yustina hakuja. Wenzake wa njia ya Mabamba nao hawakuja. Uji umebaki. Naogopa.

Alhamisi, 11 Novemba

Jirani yake kaniambia sokoni: Jalala ana homa. Wamemfungia ndani, mtu wa nje asimwone. Wanasema ni lile neno, limeita kijicho.

Nimekasirika. Na mimi mwenyewe nimejikasirikia. Nimesali rozari yote, moyo haukutulia. Nikaenda kwa Sista, nikamweleza kila kitu kwa Kiingereza cha kuokoteza. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho mekundu. Ameniruhusu kwenda kesho.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimekwenda kwa miguu. Mvua njia nzima. Mama mkwe wa Yustina alikuwa amekaa mlangoni, mguu kizingitini. Hakunikaribisha.

"Umeleta neno lingine?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya homa na dawa. Yote yalinitoka. Nikasema, "Hapana, mama. Nimesikia mna jalala humu ndani, linanuka. Nimekuja kulizoa."

Akanitazama. Kisha kicheko kikamponyoka. "Baya kweli hilo. Hata fisi atalikataa."

"Sista naye huenda akalikataa. Tumjaribu."

"Yule wa kusifu?"

"Nitamfundisha kusema."

Akaondoa mguu.

Yustina alinikabidhi mtoto. Moto kama figa. Tumepokezana kumbeba njia nzima. Sista amesema malaria, kamchoma sindano. Amekaa naye.

Jumamosi, 13 Novemba

Homa bado. Hanyonyi. Ee Bwana.

Jumatatu, 15 Novemba

Amenyonya.

Jumanne, 23 Novemba

Kliniki. Yustina kaja. Mama mkwe naye kaja, kulinda. Hata wale wa njia ya Mabamba wamekuja, nadhani kutazama.

Jalala amepungua, lakini kwenye mizani alirusha mateke hata boriti ikalia. Sista akamchukua, safari hii usawa wa kifua tu. Nikaliona lile neno limemjaa mdomoni. Akalimeza. Akasema polepole, nilivyomfundisha: "Katoto kabaya. Si haba."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe akamjibu, "Asante, Sista. Na wewe u mbaya vivyo hivyo." Sista akanigeukia nifasiri. Nikamwambia amesifiwa.

Chanjo kachomwa. Uji umeisha.

Jioni mvua imeacha. Nimefunga mlango, nimepiga magoti. Nimemnong'oneza Mungu, kwa Kiingereza: yule mtoto, superb. Yeye Mungu hana kijicho.