Kunde Zako Zimeota Takaba

Takaba,
Jumapili alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa kwenye kigoda chako, umenyoosha lile goti, na Mkamburi yuko kando yako anakusomea. Mkamburi, soma polepole wala usiruke maneno, nyanya yako atajua. Goti linaendeleaje, Mama? Ile dawa ya kuchua unaitumia mwenyewe, au umeshampaka ng'ombe? Na mvua hapo Mwatate imewafikia, au bado mnayatazama mawingu yakipita kwenda kwa watu wa milimani?

Mimi ni mzima kabisa. Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Mtandao wa huku huja na kuondoka bila kuaga, na habari niliyo nayo haitaki kukatwa katikati. Tena kuna kitu nataka ukipate mkononi. Mwalimu mwenzangu anapanda basi kesho na amekubali kukubebea.

Ule wasiwasi wako nimeusikia kila tulipoongea: watu gani hao, wanakula nini, nani atakuzika huko. Mama, hakuna wa kunizika, nanenepa. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa ya ngamia na anjera, ile mikate yao laini yenye vitobo. Joto ni kali, vumbi linaingia hata kwenye chumvi, na mara nyingine mtungi mmoja wa maji lazima unifikishe hadi lori la maji litakaporudi. Lakini nikiugua homa, majirani hunibishia mlango hadi nachoka. Namshukuru Mungu kwa watu hawa, na nakushukuru wewe uliyeniachia nije huku ukiwa na machozi.

Nimepewa Gredi ya Pili. Cheka tu. Mwanao mwenye ndevu anasimama mbele ya watoto akiimba nyimbo za vidole na kuruka kama chura. Huku mwalimu wanamwita maalim, na hata vizee sokoni hunisalimia hivyo kwa heshima, ingawa wamenichungulia dirishani nikiruka.

Watoto hawa wanafika kwangu wakiwa wameshasoma. Alfajiri wanakuwa duksi, chuo chao cha Kurani, na yale wanayoyabeba kichwani mimi nisingeyaweza. Nyumbani nako wanafundishwa. Mtoto wa miaka saba anamjua kila mbuzi kwa jina, anajua kila mmoja ana mama yupi na hila zipi. Kwangu wanajifunza kusoma silabi, kujumlisha, kunawa mikono na kutunza mazingira. Kiswahili wanakipata darasani tu, kwa hiyo papai ni "babai" na viatu ni "fiatu," nami siku hizi nasikia sawa tu.

Sasa nikueleze kuhusu Nasra, msichana mdogo wa darasa langu ambaye nilikuwa karibu kumpoteza, na jinsi kunde zako zilivyoingia katika mambo yake.

Unakumbuka siku ya kuondoka ulivyonifichia kunde ndani ya soksi, chini ya mashati? Nilipoziona nilikucheka. Nikasema, huyu mama anadhani naenda kwa wakulima! Nikaitupa soksi juu ya kabati. Kumbe somo la mazingira muhula huu linataka kila mtoto apande mbegu nyumbani, aitunze kwa msaada wa mzazi, kisha aje aeleze. Madukani hakukuwa na mbegu. Nikaishusha soksi.

Niligawa mbegu, kila mtoto na kikopo chake. Wazazi walinicheka hadi msikitini. Maji ya kunywa hakuna, maalim anataka tunyweshe majani! Sikuwalaumu. Mbegu nyingi zilikauka, chache ziliingia sufuriani, na mtoto mmoja alieleza vizuri sana jinsi kuku alivyomsaidia kazi ya nyumbani.

Kikopo cha Nasra peke yake kiliota. Nilipomuuliza maji anatoa wapi, alisema, "Ayeyo nanisaidia." Ayeyo ni nyanya. Nikaogopa mtoto asije akawa anajinyima maji ya kunywa, kwa hiyo jioni nikaenda kwao.

Nilimkuta bibi huyo, mama wa baba yake Nasra, anatia udhu kwa ajili ya Magharibi. Alikuwa amechutama, birika mkononi, na kile kikopo kiko chini ya mikono yake. Maji aliyonawia mikono, uso na miguu yalidondokea kwenye kunde, hata tone halikwenda kando. Mara tano kwa siku, Mama.

"Maalim, karibu," alisema. "Mimi nabiga udhu, yeye nakunywa. Wallahi hata moja haibotei."

Kile kikopo alikizungushia uzio wa miiba, kama ule wanaowajengea mbuzi wachanga, ila huu ungetosha kulaza kifaranga. Mbuzi mmoja alishawahi kuonja jani, akaambulia kofi. Nilicheka, naye akacheka. Nasra alinionyesha majani kwa kidole bila kuyagusa, akaniambia alilotoka nalo darasani, kwamba mmea unahitaji maji, hewa na mwanga. Ayeyo akaongeza, "Na miiba."

Basi kunde ikakua, wakaihamishia ardhini kando ya mlango. Ilipoanza kutoa maua, zikaja habari kwamba mvua imenyesha upande wa Banissa na malisho yameota. Baba yake Nasra akaamua kuhama na mifugo, familia nzima. Nasra alikuwa wa kuchunga wana-mbuzi. Na mtoto akiondoka hivyo, Mama, hurudi amekuwa mkubwa, akaona haya kukaa na wadogo, mambo yakaishia hapo. Nimewaona.

Nilimfuata baba huyo sokoni. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Maalim, wewe ni mtu msuri," alisema. "Lakini shule naweza kungoja. Mbusi hawezi."

Alisema kweli. Mbuzi ndio ada, ndio chakula, ndio dawa. Nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge. Nilikukumbuka wewe ulivyotolewa darasa la pili ukambebe mjomba mgongoni, na kwamba mpaka leo barua zangu unasomewa. Nililia kidogo, sioni aibu kukwambia.

Asubuhi ya kuhama nilikwenda kumuaga Nasra. Ngamia walikuwa wamepigishwa magoti, mikeka na miti ya nyumba imeshafungwa mgongoni, watu wanaitana. Katikati ya zogo lile ayeyo ameketi kando ya kunde yake, birika pajani.

"Hooyo, inuka tuende," mwanawe alimwambia. Hooyo ni mama.

"Mimi siendi. Hii nimebigia udhu tangu iko kwa mkebe. Haijazaa. Nitaiacha na nani?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mwanawe akabembeleza, akaapa atamnunulia gunia zima la kunde. Bibi hakusogea. Mwisho yule bwana akacheka na wenzake, akatikisa kichwa. Lakini huku bibi mzee haachwi peke yake. Lazima abaki na mtoto wa nyumba yake, wa kumchotea maji na kumshika mkono usiku. Yule bwana akatazama wanawe. Wavulana ni wa ngamia. Mkubwa wa kike ni wa kupika. Akabaki Nasra.

Msafara ulipoondoka waliniachia kazi ya kuwatafutia bibi na Nasra chumba karibu na shule, nikakipata kwa jirani yangu, mahali ambapo bibi angeweza kwenda kuinywesha kunde kila siku. Nikamuuliza bibi, kweli umebaki kwa sababu ya kunde?

Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyesahau daftari.

"Maalim, mimi nikisema shule, wanaume nabishana mbaka jioni. Nikisema kunde, nacheka. Mwanaume akicheka, amekubali."

Kisha akaomba maji ya udhu.

Nasra sasa anasoma aya fupi bila kushika mstari kwa kidole. Jioni anamsomea ayeyo hadithi za kitabu cha Gredi ya Pili, na ayeyo anabishana na sungura. Baba yake alituma salamu na mtungi wa samli, na akauliza kama kunde imezaa.

Imezaa, Mama. Maganda machache, mafupi, lakini yamejaa. Bibi alikataza zisipikwe kabla mwenyewe hajapata fungu lake. Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Akasema, "Yule mama amekutilia kwa soksi."

Kwa hiyo soksi yako inarudi na kunde ndani, nimeifua. Usizipike. Zipande hapo mlangoni unaponawia uso.

Nisalimie dada yangu, mama yake Mkamburi, na umwambie kitenge alichoagiza nakitafuta. Msalimie mjomba uliyembeba mgongoni, mwambie bado ana deni la kukubeba wewe. Baba mdogo na mkewe, na jirani wa ng'ambo ya kijito anayekuletea kuni, wote wasalimie kwa majina.

Ndimi mwanao anayekushukuru, mwalimu wa vyura,
Mwakio

Mama, Nasra ameomba nafasi hapa chini akuandikie kwa mkono wake. Nimemwachia alivyoandika. Mkamburi, hapa usimsomee nyanya. Maneno ni mafupi, mshike kidole mpite pamoja, silabi kwa silabi, hadi ayasome mwenyewe:

Nyanya kunde imezaa. Mimi niko shule. Asante.