Mji Mkuu wa Kaka Bakari

Jumapili, chumbani

Sijamwambia mtu yeyote: mji mkuu wa kaka Bakari sikuuteka kwa vita.

Tunacheza mchezo wa kujenga dola, kwa zamu, kwenye kompyuta moja, yeye na dola yake, mimi na yangu. Magharibi ilipoadhiniwa aliinuka katikati ya zamu yake. “Naenda kuswali. Usiguse kitu, mkulima wee.” Ananiita mkulima kwa sababu najenga mashamba tu, vita siviwezi.

Nikagusa. Nikayatoa majeshi yake yote mjini, nikamaliza zamu yake, kisha nikaingia na wapanda farasi wangu.

Aliporudi hakunishuku hata kidogo. Alimgeukia Mwanasiti, binamu yetu kutoka kijijini Ramisi tunayeishi naye, ana miaka saba. “Wewe ndiye uliyebonyezabonyeza!” Mtoto akaapa wallahi hakugusa. Mama akamchapa kwa kuapa uongo.

Nami nilikuwa nimekaa pale pale.

Baadaye kaka akanipa mkono. “Haya, leo umenishinda.” Nimeyangoja maneno hayo mwaka mzima, na sasa natamani ayarudishe.

Nasikia nyayo ndogo zinakuja. Mwanasiti akichapwa huja kulala kwangu, kwa kuwa mimi ndiye humwamini. Acha nilifiche daftari kabla haja—